MADA YA 9: KUONGEZA UHUSIANO KATI YA MODELI ZA HIFADHIDATA

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza maana ya modeli, ufunguo msingi na ufunguo mgeni;
(b) kutambua aina tatu za uhusiano na kuchagua inayofaa;
(c) kuandika uhusiano huo katika modeli za Django;
(d) kuamua kinachotokea rekodi inapofutwa;
(e) kuongeza uhusiano kwenye jedwali ambalo tayari lina data.

9.1 Utangulizi

Mtahiniwa, katika mada ya hifadhidata uliunganisha majedwali ndani ya Microsoft Access kwa kuvuta mstari kutoka jedwali moja hadi jingine. Katika mada hii unafanya kazi ileile, ila mstari huo unauandika kwa maneno ya programu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1970, Edgar F. Codd, mtaalamu Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana. Hifadhidata nyingi tunazotumia leo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Kiunzi cha tovuti ni programu iliyokwisha kuandaliwa ambayo mjenzi wa tovuti huanzia hapo badala ya kuanza na ukurasa mtupu. Tutatumia kiunzi cha Django, kinachotumia lugha ya Python. Kilianzia katika chumba cha habari cha gazeti moja la jimbo la Kansas, Marekani, na kikatolewa kwa umma mwaka 2005. Hakiko mbali nasi: mkutano wa kwanza wa Afrika wa watumiaji wake, DjangoCon Africa, ulifanyika Zanzibar mwezi Novemba 2023.

Modeli ni maelezo ya jedwali moja yaliyoandikwa kwa Python. Modeli moja huzaa jedwali moja. Kila uga wa modeli huwa safu ya jedwali.

9.2 Kwa nini tunahitaji uhusiano?

Tuchukue mfano wa hapa Mbozi. Mkulima wa kahawa anapeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Karani anapima kwenye mzani, anaandika kilo na kutoa stakabadhi. Fedha haitoki siku hiyo yote. Malipo hufuata kahawa ikiuzwa mnadani. Katika kipindi chote cha kusubiri, haki ya mkulima iko kwenye maandishi tu.

Sasa tazama jedwali hili. Majina, vijiji na kilo ni vya mfano.

Na. | Jina | Kijiji | Tarehe | Kilo
1 | Tumaini Simbeye | Mlowo | 12/7 | 42.5
2 | Tumaini Simbeye | Mlowo | 19/7 | 38.0
3 | Tumain Simbeye | Mlowo | 26/7 | 51.5
4 | Neema Mwampashi | Igamba | 26/7 | 60.0
5 | Tumaini Simbeye | Igamba | 2/8 | 27.0

Tumaini wa Mlowo alileta mizigo mitatu: 42.5 + 38.0 + 51.5 = kilo 132.0. Tumaini wa Igamba ni mtu mwingine kabisa, wamefanana majina tu.

Iambie kompyuta ijumlishe kilo za "Tumaini Simbeye". Itachukua rekodi ya 1, ya 2 na ya 5: 42.5 + 38.0 + 27.0 = kilo 107.5. Imeacha mzigo wa tarehe 26/7 kwa sababu herufi "i" moja haipo, na imechukua mzigo wa mtu mwingine. Tumaini wa Mlowo amepungukiwa kilo 24.5. Kwa bei ya mfano ya shilingi 5,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi 122,500. Tumaini wa Igamba hali yake ni mbaya zaidi: kilo zake 27.0 zote zimehesabiwa kwa mwenzake.

Kompyuta haikukosea kujumlisha. Haikuelezwa mzigo upi ni wa nani. Uhusiano ndio unaoieleza.

9.3 Ufunguo msingi na ufunguo mgeni

Ufunguo msingi ni namba au alama inayotambulisha rekodi moja tu katika jedwali. Majina hufanana, namba hii haifanani. Django huweka ufunguo msingi wenyewe katika safu inayoitwa id.

Ufunguo mgeni ni safu katika jedwali moja inayobeba ufunguo msingi wa jedwali jingine. Unaitwa mgeni kwa kuwa kwao ni kule. Hapa umekuja kuonyesha rekodi hii ni ya nani.

Utaratibu huu unaufahamu tayari. Tangu msimu wa 2022/2023, Serikali ilipoanza kutoa mbolea ya ruzuku kwa mfumo wa kidijitali, mkulima husajiliwa na kupewa namba yake. Wewe mwenyewe unafanya mtihani kwa namba, si kwa jina.

9.4 Aina tatu za uhusiano

Kabla ya kuandika chochote, uliza swali mara mbili, mara moja kila upande: "Kimoja cha huku kinaweza kuwa na vingapi vya kule? Na kimoja cha kule kinaweza kuwa na vingapi vya huku?" Watahiniwa wengi huuliza upande mmoja tu, ndiyo maana huchanganya aina ya pili na ya tatu.

(i) Kimoja kwa kimoja. Mkulima mmoja ana akaunti moja ya malipo; akaunti hiyo ni ya mkulima mmoja. Django: OneToOneField.

(ii) Kimoja kwa vingi. Mkulima mmoja ana mizigo mingi. Kila mzigo ni wa mkulima mmoja. Django: ForeignKey.

(iii) Vingi kwa vingi. Mkulima mmoja hukopa pembejeo za aina nyingi. Aina moja ya pembejeo hukopwa na wakulima wengi. Django: ManyToManyField.

9.5 Kimoja kwa vingi: ForeignKey

```
from django.db import models

class Mkulima(models.Model):
    namba = models.CharField(max_length=20, unique=True)
    jina = models.CharField(max_length=100)
    kijiji = models.CharField(max_length=60)

class Mzigo(models.Model):
    mkulima = models.ForeignKey(
        Mkulima,
        on_delete=models.PROTECT,
        related_name="mizigo",
    )
    tarehe = models.DateField()
    kilo = models.DecimalField(max_digits=7, decimal_places=1)
```

Soma mstari kwa mstari:
- unique=True inazuia wakulima wawili kupewa namba moja.
- ForeignKey imewekwa kwenye Mzigo, upande wa "vingi". Katika hifadhidata itakuwa safu inayoitwa mkulima_id.
- related_name inatoa jina la kurudia njia: kutoka kwa mkulima kwenda kwenye mizigo yake.
- on_delete inaamua kinachotokea mkulima akifutwa. Tutaieleza katika 9.8.

KANUNI YA KUKARIRI: Ufunguo mgeni hukaa upande wa vingi. Mkulima hawezi kubeba orodha ya mizigo yake yote ndani ya safu moja, lakini kila mzigo unaweza kubeba namba ya mwenyewe.

Jina la mkulima sasa limeandikwa mahali pamoja tu. Likikosewa, unalisahihisha mara moja na mizigo yote inabaki kwa mwenyewe. Kujumlisha kilo zake ni hivi:

```
from django.db.models import Sum

m = Mkulima.objects.get(namba="MLW-014")
m.mizigo.aggregate(jumla=Sum("kilo"))
```

Jibu litakuwa 132.0, hata kama kuna akina Tumaini Simbeye kumi.

9.6 Kimoja kwa kimoja: OneToOneField

```
class Akaunti(models.Model):
    mkulima = models.OneToOneField(
        Mkulima,
        on_delete=models.CASCADE,
        related_name="akaunti",
    )
    benki = models.CharField(max_length=50)
    namba_akaunti = models.CharField(max_length=30)
```

OneToOneField ni ufunguo mgeni ulioongezewa sharti: hauwezi kujirudia. Ukijaribu kumwandikia mkulima huyo akaunti ya pili, hifadhidata itakataa.

Mtahini anaweza kuuliza: kwa nini namba_akaunti ni CharField, si namba? Jibu: haijumlishwi wala haizidishwi, na sifuri iliyo mwanzoni ingepotea kama ingehifadhiwa kama namba. Ndivyo ilivyo kwa namba za simu pia.

9.7 Vingi kwa vingi: ManyToManyField

Hapa ufunguo mgeni mmoja hautoshi upande wowote. Tunahitaji jedwali la tatu, la kati, lenye funguo geni mbili. Ukiandika ManyToManyField peke yake, Django hulitengeneza jedwali hilo kimyakimya. Lakini karani wa AMCOS hatatosheka kujua kwamba Neema alikopa mbolea. Atauliza: mifuko mingapi, lini, kwa bei gani? Majibu hayo si sifa ya Neema, wala si sifa ya mbolea. Ni sifa ya tukio la kukopa. Kwa hiyo jedwali la kati tunaliandika wenyewe:

```
class Pembejeo(models.Model):
    jina = models.CharField(max_length=80)
    wakulima = models.ManyToManyField(
        Mkulima, through="Mkopo", related_name="pembejeo"
    )

class Mkopo(models.Model):
    mkulima = models.ForeignKey(Mkulima, on_delete=models.PROTECT)
    pembejeo = models.ForeignKey(Pembejeo, on_delete=models.PROTECT)
    idadi = models.PositiveIntegerField()
    bei = models.DecimalField(max_digits=10, decimal_places=2)
    tarehe = models.DateField()
```

Neno through linamaanisha "kupitia": mkulima anafika kwenye pembejeo kupitia Mkopo.

ZINGATIA: Uga wa bei uko kwenye Mkopo, si kwenye Pembejeo. Bei ya mbolea hupanda na kushuka. Kama bei ingekaa kwenye Pembejeo peke yake, siku ikibadilishwa, deni la kila aliyekopa msimu uliopita lingebadilika nayo. Mkulima anadaiwa kwa bei ya siku aliyochukua.

9.8 on_delete: rekodi ikifutwa, nini kinabaki?

Tangu toleo la 2.0, lililotoka Desemba 2017, Django hailikubali ForeignKey wala OneToOneField bila on_delete. Mwandishi wa programu lazima aamue. Chaguo tatu za kukumbuka:

CASCADE: futa na vyote vinavyomtegemea.
PROTECT: kataa kufuta maadamu kuna vinavyomtegemea.
SET_NULL: acha rekodi, ila sehemu ya mwenyewe iwe tupu. Inahitaji null=True.

Vitabu na mifano mingi huandika CASCADE, na wanafunzi wanainakili bila kuifikiria. Fikiri hivi: mkulima amefariki mwezi Agosti, kahawa yake iko ghalani na haijauzwa. Karani anaona si mwanachama tena, anabonyeza "futa". Kama Mzigo uliandikwa kwa CASCADE, mizigo yote ya marehemu inafutika pamoja naye. Mjane na watoto wakija na stakabadhi mkononi, kompyuta itasema hakuna kitu kama hicho.

Ukiandika PROTECT, Django itakataa kufuta na kutoa kosa la ProtectedError. Karani atalazimika kutafuta njia sahihi, kwa mfano uga unaoonyesha kwamba uanachama umekoma huku kumbukumbu zikibaki.

SET_NULL nayo haifai hapa: kilo zingebaki, lakini zikiwa za mtu asiyejulikana.

Kwa nini basi Akaunti tuliipa CASCADE? Kwa sababu taarifa ya akaunti haina maana bila mkulima wake. Tena haileti hatari, kwani mkulima mwenye mzigo au mkopo hafutiki: PROTECT inamlinda. Anayeweza kufutwa ni yule aliyeandikishwa kimakosa, ambaye hana mzigo wala deni.

KANUNI: Rekodi ya fedha, mali au haki ya mtu: PROTECT. Maelezo yasiyo na maana bila mwenyewe: CASCADE.

9.9 Kuongeza uhusiano kwenye jedwali lenye data

Mpaka hapa tumeandika modeli mpya. Kazini mara nyingi utakuta jedwali kama lile la 9.2, lenye data ya msimu mzima na uga wa maandishi unaoitwa jina. Ukiongeza ForeignKey na kuendesha amri ya

```
python manage.py makemigrations
```

Django itasimama na kukuuliza: rekodi za zamani nizipe thamani gani katika safu hii mpya? Mwanafunzi mwenye haraka huandika 1 ili aendelee. Amri inapita, hakuna kosa linaloonekana. Lakini sasa mizigo yote ni ya mkulima mwenye id 1. Katika jedwali letu dogo, kilo zote 219.0 zimekuwa za mtu mmoja, na Neema Mwampashi hana hata kilo moja. Kosa linalopita bila onyo ndilo baya kuliko yote.

Fuata hatua hizi badala yake:

Hatua ya 1. Tengeneza nakala ya akiba ya hifadhidata. Usiiruke hatua hii.

Hatua ya 2. Tengeneza modeli ya Mkulima na uwaandikishe wakulima, kila mmoja na namba yake.

Hatua ya 3. Ongeza uga ukiwa unaruhusu utupu:

```
mkulima = models.ForeignKey(
    Mkulima, null=True,
    on_delete=models.PROTECT, related_name="mizigo"
)
```

Kisha endesha makemigrations na migrate. Rekodi za zamani zitakuwa tupu katika safu hiyo, na hilo ni kweli: bado hatujasema ni za nani.

Hatua ya 4. Jaza mwenyewe wa kila mzigo. Yanayofanana jina na kijiji yanaweza kujazwa na programu. Yenye shaka, kama "Tumain" bila "i", yalinganishwe na stakabadhi na mtu anayewafahamu wakulima.

Hatua ya 5. Hakiki. Amri hii lazima ilete 0:

```
Mzigo.objects.filter(mkulima__isnull=True).count()
```

Hakiki pia kwamba jumla ya kilo zote ni ileile ya kabla ya kuanza. Kwetu ni 219.0.

Hatua ya 6. Ondoa null=True, endesha makemigrations na migrate tena. Django itauliza tena kuhusu rekodi tupu. Chagua jibu linalosema rekodi tupu zitashughulikiwa na wewe mwenyewe, kwa kuwa umekwisha kuzijaza. Baada ya hapo hakuna mzigo utakaoingia bila mwenyewe, na uga wa zamani wa jina unaweza kuondolewa.

9.10 Makosa yanayowapotezea watahiniwa alama

1. Kuweka ufunguo mgeni upande wa "kimoja". Rudia kanuni ya 9.5.
2. Kuandika "kimoja kwa vingi" bila kusema kipi ni kimoja na kipi ni vingi. Andika sentensi kamili: "Mkulima mmoja ana mizigo mingi."
3. Kuchora vingi kwa vingi bila jedwali la kati.
4. Kutumia jina la mtu kama ufunguo msingi.
5. Kutaja CASCADE au PROTECT bila sababu. Ukiulizwa "eleza", sababu ndiyo jibu.

9.11 Maswali ya kujipima

Jibu kwanza kwenye daftari, ndipo usome majibu.

Swali la 1. Tofautisha ufunguo msingi na ufunguo mgeni, ukitoa mfano mmoja kwa kila kimoja.

Swali la 2. Hifadhidata ya mtihani wa kidato cha nne ina modeli za Kituo, Mtahiniwa na Somo. (a) Taja aina ya uhusiano kati ya Kituo na Mtahiniwa. (b) Taja aina ya uhusiano kati ya Mtahiniwa na Somo. (c) Uga wa gredi uwekwe wapi? Toa sababu.

Swali la 3. Andika modeli inayohifadhi gredi katika swali la 2, pamoja na on_delete inayofaa.

Swali la 4. Duka la pembejeo pale Mlowo lina jedwali la Mauzo lenye rekodi 300. Mwenye duka anataka kila mauzo yaunganishwe na Mteja. Fundi ameongeza ForeignKey, na alipoulizwa thamani ya rekodi za zamani akaandika 1. Eleza athari yake na njia sahihi.

Majibu

1. Ufunguo msingi hutambulisha rekodi moja tu katika jedwali lake, mfano id ya Mkulima. Ufunguo mgeni hubeba ufunguo msingi wa jedwali jingine, mfano mkulima_id katika jedwali la Mzigo.

2. (a) Kimoja kwa vingi: kituo kimoja kina watahiniwa wengi, kila mtahiniwa amesajiliwa katika kituo kimoja. (b) Vingi kwa vingi: mtahiniwa mmoja hufanya masomo mengi, somo moja hufanywa na watahiniwa wengi. (c) Kwenye jedwali la kati. Gredi si ya mtahiniwa peke yake, kwa kuwa ana masomo mengi. Si ya somo peke yake, kwa kuwa lina watahiniwa wengi. Ni ya mtahiniwa huyu katika somo hili.

3.
```
class Matokeo(models.Model):
    mtahiniwa = models.ForeignKey(Mtahiniwa, on_delete=models.PROTECT)
    somo = models.ForeignKey(Somo, on_delete=models.PROTECT)
    gredi = models.CharField(max_length=1)
```
PROTECT inafaa kwa sababu matokeo ni haki ya mtahiniwa. Yasifutike kwa kufutwa rekodi nyingine. Kwa CASCADE, kulifuta somo moja kungefuta gredi za wote waliolifanya.

4. Mauzo yote 300 yameandikwa kwa mteja mwenye id 1, hata madeni ya wengine, na programu haikutoa onyo. Njia sahihi: kutengeneza nakala ya akiba, kuongeza uga wenye null=True, kujaza mteja halisi wa kila mauzo, kuhakiki kwamba hakuna rekodi iliyobaki tupu, kisha kuondoa null=True.

Ukikosa swali la 4, usiende mada ya 10. Rudi 9.9, ulichore jedwali la 9.2 kwenye karatasi na ulijaze kwa mkono, hatua kwa hatua. Ukiweza kusema kila mzigo ni wa nani na kwa nini, mada hii umeielewa.